Masomo ya Juu ya Dawa na Sanduku Letu la Elimu

Katika mkutano mkuu ujao italetwa hoja ya kukifuta katika kanuni za Sanduku la Elimu kile kifungu kisemacho ya kwamba mtoto wa mwanachama aliyekwisha pata shahada ya kwanza aweza kusaidiwa karo ya masomo ya uzamili. Wenye hoja wasema kifungu hicho hakijatumiwa hata mara moja tangu kiandikwe, na sasa ametokea wa kukitumia ndipo tunapouona ukubwa wa gharama yake. Wa kukitumia ni binti wa mwenzetu mmoja wa visiwani. Amehitimu famasia, amemaliza na mwaka wake wa mazoezi hospitalini, na sasa amepata nafasi Muhimbili asomee upimaji wa ubora wa dawa kwa muda wa miaka miwili. Jina lake hatulitaji, kwa maana si vizuri mtoto wa watu kutangazwa katika karatasi hizi kana kwamba ana kesi.

Sisi twaandika kuipinga hoja hiyo. Lakini ni haki tukiri kwanza ya kuwa ilipotajwa mara ya kwanza barazani tulikuwa miongoni mwa walioipigia makofi. Tuliona hivi: Sanduku hili hujazwa kwa senti za makarani, watunza stoo, wauguzi na madereva. Karo ya uzamili ya mtu mmoja yatosha kuwaweka watoto kadhaa katika mabweni ya sekondari. Tena mwenye shahada ya famasia hakosi ugali. Aweza kufungua duka la dawa hapa hapa Kibiti, kando ya barabara iendayo Lindi, akatajirika kuliko sisi sote. Kwa nini basi tumlipie aende akakae tena darasani?

Kilichotugeuza nia si hotuba ya mtu, bali ni safari moja ya kazi.

Mwisho wa robo moja ya mwaka tulipelekwa kuhesabu mali ya stoo katika zahanati moja ya delta. Tulipanda chombo Nyamisati pamoja na shehena ya dawa za zahanati ile ile. Maji yalikuwa yamekupwa, chombo kikakaa juu ya tope saa nyingi katikati ya mikoko, jua likitupiga sisi na likiyapiga masanduku. Ndani ya sanduku moja la baridi zilikuwamo sindano za oksitosini, ile dawa apewayo mama mara baada ya kujifungua ili mfuko wa uzazi ujikaze na damu ikome. Tulipofika, barafu yote ilikuwa imekwisha kuwa maji. Tulishusha, tukahesabu, tukatia sahihi. Hesabu ilikuwa sawasawa, haikupungua hata moja.

Usiku wa siku ya pili alijifungua mama mmoja, akatokwa na damu nyingi. Muuguzi akamchoma sindano, damu haikukoma. Akamchoma ya pili, haikukoma. Basi akaanza kumkanda tumbo kwa mikono yake miwili, akipokezana na mkunga wa jadi wa pale kijijini, mpaka maji yalipojaa alfajiri chombo kikaweza kuondoka. Mungu alimrehemu mama yule. Alifika hospitali, na yu hai. Muuguzi aliporudi kutoka kumsindikiza alitujia stoo, kichupa kitupu mkononi, akatuuliza: “Bwana karani, wewe ndiwe mwenye vitabu. Hii niliyomchoma ilikuwa dawa, au ilikuwa maji?”

Tulivifungua vitabu. Namba ya toleo ilikuwamo. Tarehe ya kupokelewa ilikuwamo. Tarehe ya mwisho wa matumizi ilikuwa bado mbali. Sahihi ilikuwa yetu wenyewe. Jawabu la swali lake halikuwamo.

Dawa hiyo yatakiwa iwekwe katika baridi ya digrii 2 hata 8. Ikipata joto hupungukiwa nguvu kidogo kidogo, na ubaya wake ni kuwa haibadiliki rangi wala haitoi harufu; iliyo nzima na iliyokufa zafanana kama pacha. Samaki akioza twajua, wala hatuhitaji kuambiwa na chuo. Dawa ikioza hatujui. Hatusemi ya kwamba sindano zile zilikuwa mbovu. Damu ya uzazi yaweza kukataa kukoma kwa sababu nyingine, kama kondo la nyuma limebaki au mahali pamechanika. Twasema tu ya kuwa sisi hatukujua, na muuguzi hakujua. Tuliporudi Kibiti tulimwuliza mfamasia mmoja mwenye shahada yake, mtu mwelevu na mpole, akatujibu: “Kanuni yasema itupwe. Lakini mkiitupa, mtampa nini mama atakayekuja kesho?” Kama ilikuwa imebaki na nguvu robo tatu, au nusu, au hapana kitu, hakuweza kusema, wala hakumjua mtu aliyepata kuipima dawa hiyo katika njia ile ya majini.

Hapo ndipo tulipofahamu tofauti ya masomo haya mawili, na twaomba mtuvumilie tuieleze, kwa sababu twadhani wengi wanaoiunga mkono hoja hii hawajaielezwa, kama sisi tulivyokuwa.

Tulipokuwa sekondari ya misheni, padre aliyetufundisha kemia aliweka juu ya meza chupa mbili za majimaji meupe, akatuuliza ipi ni maji na ipi ni asidi. Mwenzetu mmoja, kijana wa Mafia, alinyosha mkono akasema ataonja. Padre alicheka mpaka akatoa miwani yake. Halafu akachovya kipande cha karatasi katika kila chupa, moja ikageuka kuwa nyekundu, na somo likaisha. Shahada ya kwanza ya famasia, miaka minne, humfundisha mtu yale ambayo wengine wamekwisha kuyapima: dawa gani kwa ugonjwa gani, kwa kiasi gani, iwekwe wapi, isichanganywe na nini. Hiyo ni elimu kubwa, wala hatuibezi. Masomo ya uzamili humfundisha kutengeneza ile karatasi ya kuchovya mahali ambapo bado haipo. Humfundisha kuchagua swali lisilo na jawabu, kulipima kwa njia ambayo mwingine aweza kuirudia akapata yale yale, na kukubali mbele ya watu pale alipokosea.

Binti yetu amekwisha kuandika swali lake, na babaye alituonyesha karatasi. Ataka kuchukua sindano za oksitosini na vidonge vya mseto vya malaria katika kila kituo cha safari yao: bohari Dar es Salaam, stoo ya wilaya, gati ya Nyamisati, na zahanati za visiwani. Ndani ya kila sanduku atatia kipimajoto kidogo kinachojiandikia chenyewe joto la kila saa. Kisha atazipeleka sampuli maabara, wazipitishe katika mashine ya kromatografia, ambayo huisukuma dawa iliyoyeyushwa kupita katika mrija mwembamba uliojazwa chembechembe, na kila kitu kilichomo hutoka kwa zamu yake, kikaonekana kipo kiasi gani. Mwisho ataweza kusema: dawa iliyokaa juu ya tope saa kadhaa kwa joto kadhaa imebaki na nguvu kadhaa katika mia. Ndugu wanachama, kazi hiyo ni dada wa kazi yetu. Ni kupokea, kuhesabu, kuandika na kutia sahihi. Ila yeye atakihesabu kile ambacho sisi hatuwezi kukiona.

Wako watakaosema: kazi hiyo na waifanye wakubwa wa Dar es Salaam. Jawabu letu ni kwamba wakubwa walikwisha kuja, tena walifanya kazi njema sana, na ni vema tuikumbuke, kwa sababu tunaishi katika matunda yake bila kujua mti wake.

Wa rika letu waliozaliwa pande hizi, Kibiti ilipokuwa ingali ndani ya wilaya ya Rufiji, watamkumbuka yule mtu wa daftari aliyepita nyumba kwa nyumba kila miezi minne. Nani amezaliwa? Nani amehama? Nani amefariki, na kabla ya kufariki alilalamika nini? Mama zetu walimkaribisha kwenye mkeka, wakamjibu, wakamrudishia kalamu aliyoisahau. Kazi hiyo ilianza mwaka 1998, katika mradi wa Wizara ya Afya pamoja na kituo cha utafiti cha Canada, na baadaye ikaendelezwa na Taasisi ya Afya ya Ifakara. Ilishika vijiji 31, kutoka Bungu na Kibiti mpaka Ikwiriri, watu wapatao 85,000. Sisi tuandikao haya tumo katika daftari lile. Tu namba inayofuata namba ya mama yetu.

Na daftari lile halikulala kabatini. Hesabu zake zilionyesha ni magonjwa gani hasa yaliyokuwa yakiua watoto, na halmashauri ikaweza kuona kwamba fedha zake hazikuwa zikienda mahali vifo vilipo. Ikazigeuza. Katika miaka michache vifo vya watoto wadogo vikapungua kwa kadiri ya asilimia 40. Tena ilipoonekana kwamba klorokwini haiwatoi watu malaria, nchi ikaiacha mwaka 2001 ikatwaa SP. Na watafiti, wakijua ya kuwa SP nayo haitadumu, walianza mwaka 2003 kuijaribu hapa Rufiji dawa ya kuunganisha, SP pamoja na atesuneti, huku wilaya za Kilombero na Ulanga zikiendelea na SP peke yake ili zilinganishwe. Mwisho wa mwaka 2006 taifa zima likaanza kupewa dawa ya mseto tunayoitumia hata leo. Kila mzazi anayemmezesha mtoto wake vidonge vya mseto kutoka Kagera hata Mtwara anakunywa katika kisima ambacho Warufiji ni baadhi ya waliokichimba, kwa damu zao za ncha ya kidole.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na hakika wenyeji tulipona. Lakini tazameni mambo mawili.

La kwanza, vijiji vile 31 vilikuwa vya bara, vinavyofikika kwa baiskeli na pikipiki. Visiwa vya delta havikuwamo. Hatulaumu, mtu mwenye daftari hawezi kupita nyumba kwa nyumba kila miezi minne mahali ambapo nyumba moja ni mwendo wa maji kujaa na kupwa kutoka nyumba ya pili. Walakini matokeo yake ni kwamba mambo ya visiwani hayakuulizwa kwa kadiri ile ile, na swali la jua, tope na sanduku la barafu si swali linalomjia mtu ambaye hakupata kukaa juu ya tope. Huyu binti amekaa. Alikuwa akienda shule kwa mtumbwi.

La pili, masomo ya wasomi yaliyotoka katika Rufiji ni mengi, na karibu yote yameandikwa kwa Kiingereza, yakafungwa jalada gumu, yakawekwa rafuni katika maktaba za vyuo. Mama aliyemkaribisha mtu wa daftari kwenye mkeka hakuambiwa mkeka wake ulizaa nini. Sisi wenyewe, tuliosoma kwa mapadre na tunaoweza kusoma Kiingereza, tulikuja kuyafahamu haya tukiwa watu wazima, tena kwa bahati, tulipokuwa tukitafuta jambo jingine.

Sasa tuje katika pingamizi zenyewe, maana hatutaki kuzikwepa.

Pingamizi ya fedha ni ya kweli, na kwa hiyo tuitazame kwa utulivu. Mikopo ya serikali ya elimu ya juu, tangu Bodi ya Mikopo ianze kazi mwaka 2005, sehemu yake iliyo kubwa sana huwaendea wa shahada ya kwanza. Mtoto wa sekondari, masikini, angali na mlango: ada za shule za serikali zimeondolewa, na mjomba au shangazi hakosi kununua sare. Mtoto wa shahada ya kwanza ana Bodi. Wa uzamili, asipokuwa mwajiriwa wa chuo au hakupata mfadhili wa nje, hana mlango wowote ila nyumba ya babaye, na babaye ni karani kama wewe. Kifungu hiki kikifutwa, hatutakuwa tumeokoa mtoto wa sekondari. Tutakuwa tumeziba mahali pekee ambapo senti zetu haziji juu ya senti za mtu mwingine.

Pingamizi ya pili ni kwamba akisoma hatarudi. Yamkini. Wangapi wamerudi? Hili latuuma hata sisi, wala hatuna dawa yake kamili. Tutalisemea hapo mbele, katika masharti.

Pingamizi ya tatu ilisemwa kwa sauti ya chini, nayo ni kwamba ni mwanamke, ataolewa. Hatutapoteza karatasi na wino kwa neno hili. Yule muuguzi aliyekanda tumbo usiku kucha alikuwa ameolewa.

Pingamizi ya nne ndiyo iliyotukalisha kitako. Mzee mmoja wetu, mtu tunayemheshimu, alisema: “Elimu si karatasi. Walioivumbua dawa hawakuwa na shahada juu ya shahada.” Tulikwenda kutafuta, na kwa kweli mzee ana haki kuliko alivyojua mwenyewe. Katika dawa yetu ya mseto imo dawa iliyotokana na atemisinini, na aliyeongoza ugunduzi wake ni mama mmoja wa China, Tu Youyou, aliyesomea famasia Beijing akahitimu mwaka 1955. Hakupata udaktari wa falsafa, wala hakusoma nje ya nchi yake. Mwaka 2015 alipewa tuzo ya Nobel.

Lakini tazameni alivyoipata. Yeye na wenzake walipekua vitabu vya kale vya waganga wa kwao wakajaribu mimea mingi mno. Mmea mmoja uliwapa tumaini, halafu ukawakatisha tamaa. Leo unaponya panya, kesho hauponyi. Akarudi katika kitabu cha mganga Ge Hong wa karne ya nne, akaona kwamba yule mzee hakusema mmea uchemshwe. Alisema uloweshwe katika maji, ukamuliwe, unywewe. Ndipo Tu Youyou alipowaza kwamba pengine moto ndio unaoiua dawa. Akautoa utomvu wake kwa etha, ambayo huchemka katika joto dogo, na dawa ikasimama. Joto ndilo lililokuwa likiiua! Twawaomba wanachama wa visiwani waisome sentensi hiyo mara mbili.

Basi mzee wetu amesema kweli kwamba si karatasi. Lakini mama yule alipewa miaka ya kazi, maabara, wenzake wa kushauriana, na serikali iliyokuwa na haja na jawabu lake. Katika nchi yetu mtu wa ukoo usio na kitu hapati vitu hivyo vinne kwa pamoja ila mahali pamoja, nako ni katika masomo ya uzamili. Karatasi ni risiti tu ya kuwa alivipata.

Zamani wengi waliotaka kupita shahada ya kwanza hawakuwa na budi kwenda ng'ambo. Leo milango iko hapa nchini. Muhimbili ilianza mwaka 1963 kuwa shule ya udaktari. Famasia ikaongezwa mwaka 1974, na mwaka huo huo kikawekwa kitengo cha kuchunguza dawa zetu za asili, ambacho sasa ni taasisi. Tangu 2007 ni chuo kikuu chenye kujitegemea, na hapo mtu aweza kusoma biokemia, famakolojia, mikrobiolojia, usimamizi wa dawa, au huo upimaji wa ubora. Arusha kuna Taasisi ya Nelson Mandela, iliyoanza kufundisha mwaka 2011, nayo shabaha yake tangu mwanzo ni masomo ya uzamili na uzamivu. Na wale waliosoma masomo haya si kwamba wamekaa bure. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani liliitambua Tanzania kuwa nchi ya kwanza katika Afrika kufikia daraja la tatu katika udhibiti wa dawa, ndiyo daraja la mamlaka iliyo imara na inayotenda kazi yake vizuri. Watu wasiojua kupima hawafiki hapo.

Wala adui hajalala. Huko Kagera watafiti wameona vimelea vya malaria vilivyobadilika, vikaanza kuchelewa kufa kwa atemisinini. Walioviona walikuwa na elimu ya kusoma chembe za urithi za kimelea kama sisi tusomavyo rejista. Ikiwa mambo ya klorokwini yatajirudia, twataka anayelinda mlango huu wa Rufiji awe mtu anayejua chombo cha Salale huondoka saa ngapi.

Tena yawezekana majibu mengine yameanza kupatikana yakitungoja sisi tuyaulizie. Mwaka 2018 zilitolewa habari za utafiti mkubwa uliofanywa katika nchi 10, Kenya na Uganda zikiwamo, juu ya dawa iitwayo kabetosini, ambayo imetengenezwa ivumilie joto. Ikaonekana inazuia damu ya uzazi sawa na oksitosini, na mwaka uliofuata ikaingia katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Je, ifaayo kwa delta ni hiyo, au ni sanduku la baridi lililo bora zaidi, au ni jokofu la nguvu ya jua katika kila zahanati? Kila moja lina bei yake. Mwenye kuamua katika halmashauri atataka namba kabla ya kutoa fedha, na sisi makarani twajua kuliko watu wote ya kwamba ombi lisilo na namba hurudishwa.

Kwa hiyo twashauri hoja ikataliwe, na kifungu kibaki, lakini kitiwe masharti, kwa maana kama kilivyo sasa ni kifungu cha ovyo, nasi tulikuwapo kilipoandikwa.

Sanduku lilipe nusu ya karo, si yote, na lilipe moja kwa moja kwa chuo. Nusu nyingine itafutwe na mwenyewe na jamaa zake. Tumekwisha kuzungumza na babaye, amekubali, ijapokuwa tulimwona akimeza mate. Mwenye kusaidiwa afanye utafiti wake katika Kibiti au Rufiji, si pengine. Nakala ya daftari lake la vipimo ibaki hapa, katika kabati la Chama, pamoja na nakala ya tasnifu. Na jambo tunalolishikilia kuliko yote: aandike kwa Kiswahili, kurasa zisizozidi kumi, ameona nini na tufanye nini, na azisome mwenyewe mbele ya mkutano wetu na mbele ya baraza la kijiji kimoja cha visiwani. Asipofanya hivyo, alirudishie Sanduku fedha zake kwa mafungu.

Juu ya kurudi, hatuwezi kumfunga mtu kamba ya mguu. Hata tukiandika mkataba wa miaka mitano, serikali ikimpeleka Kigoma atakwenda Kigoma. Ndiyo sababu tumetaka daftari libaki. Yeye aweza kuhama. Namba zake hazitahama. Muuguzi wa zahanati ile atazikuta.

Mweka hazina ametuambia kwamba salio laruhusu nusu ya karo ya mtu mmoja kwa miaka miwili bila kugusa fungu la sekondari. Hesabu zitasomwa kwanza, kisha hoja. Mwenye shaka na aziulize hesabu kabla ya kuinua mkono.

Mkutano utafanyika Jumamosi ya kwanza baada ya mwezi kuandama, hapa Kibiti, saa nne za asubuhi. Siku hiyo ni ya bamvua. Kwa hiyo wenzetu wa Mbwera, Salale na visiwa vingine wafanye hima kuondoka na maji ya alfajiri, kwa maana wakingoja ya mchana hawatawahi kupiga kura. Watakaolala Nyamisati wameandaliwa mahali, wamwone katibu. Na anayekuja na chombo cha dawa, tafadhali afunike sanduku la baridi kwa turubai lililoloweshwa maji, mpaka tutakapoambiwa njia iliyo bora zaidi.